Barua Kumi na Tano za Ruhusa

Kila Alhamisi baada ya alasiri, Selipher alipangusa vioo vya picha thelathini na moja katika chumba cha vitabu cha bosi wake, mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh. Alitumia siki na gazeti kuukuu, kwa sababu madam alisema kitambaa kinaacha nyuzi. Zote zilikuwa picha za timu za raga kutoka vijiji vya mkoa mmoja wa kusini-magharibi mwa Ufaransa: wanaume wenye masharubu, mikono imekunjwa kifuani, na katikati nahodha ameshika mpira ulioandikwa mwaka kwa chokaa. Bosi, Baba Mishari, alisomea uhandisi huko ujanani. Alicheza msimu mmoja, akavunjika pua, na tangu hapo hakupenda kitu kingine. Huu ulikuwa mwaka wa tisa anaandika historia ya klabu hizo.

Alhamisi moja, magharibi ilipoingia, wachezaji wa picha ya mwaka 1926 walitoka ndani yake. Walikuwa kumi na watano, wote marehemu. Walitoka mmoja mmoja wakiinamisha vichwa, kama watu wanaopita mlango mfupi. Baba Mishari aliwakaribisha kwa Kifaransa, akafungua daftari lake. Madam aliona matope tu.

"Selipher! Zulia!"

"Naam, madam."

Selipher alipiga magoti na ndoo. Matope ya uwanjani aliyajua; kule Kakamega alimfulia kaka yake Laban jezi za raga mpaka vidole vikachubuka. Wafu wenyewe hawakumtisha. Walikuwa na adabu, na siku ya pili wote walivua viatu mlangoni. Vilivyomtisha vilikuwa viwili: droo ya kushoto ya meza ya bosi, ambamo paspoti yake ilifungiwa siku aliyofika, na neno Jeddah.

Neno hilo alilisikia kwa Nehemiah, dereva, Mkenya mwenzake, walipokutana getini akitoa taka.

"Umebakisha siku ngapi, mama Shirleen?"

"Kumi na mbili. Mkataba unaisha tarehe ishirini."

"Hata Roseline alikuwa anahesabu hivyo hivyo. Yule wa kabla yako. Akaambiwa apitie kwanza Jeddah kwa dada ya bosi, wiki mbili tu, halafu aende nyumbani. Kutoka siku hiyo simu yake ni mteja, haipatikani."

"Aki Nehe, wacha kunitisha."

"Sikutishi, nakwambia. Msichana mzuri, alikuwa na pengo hapa mbele. Akicheka unaona mpaka ulimi."

"Na wewe paspoti yako iko wapi, unayejua mambo ya watu?"

"Si iko kwa droo na yako? Zimelala pamoja miaka miwili. Nikifika kwenu nitalazimika kutoa mahari."

Selipher alicheka, akafunika pipa la taka. Januari Shirleen alikuwa anaanza darasa la kwanza. Alimwacha ana miaka minne, akilala huku ameshika sikio la mama yake. Juzi alikuwa ametuma sauti kwa simu ya nyanya yake: "Mama, ni wewe utanipeleka shule ama ni nyanya?" Na Selipher alijibu, "Ni mimi, mtoto wangu. Nitakushika mkono mpaka mlangoni." Ahadi hiyo ndiyo aliyokuwa akiamka nayo na kupika nayo.

Jioni iliyofuata alikuta mchezaji mmoja ameketi mbele ya meza, kofia magotini. Aliitwa Firmin. Baba Mishari alikuwa akilia, na alipomwona Selipher na sinia la chai alimweleza kisa chote, maana aliyejaa huzuni humweleza yeyote aliye karibu.

Firmin alikuwa mtengeneza mapipa. Alioa ng'ambo ya mto, akataka kuhamia klabu ya huko ili acheze karibu na mkewe. Siku zile mchezaji hakuhama bila barua ya ruhusa kutoka klabu yake, na rais wa klabu, mwenye kinu cha unga, aliifungia kadi yake ya uchezaji kwenye droo. "Msimu ujao," alimwambia. Alimwambia hivyo misimu kumi na mmoja. Firmin akafa akingoja.

"Unaona, Selipher?" Baba Mishari alifuta macho. "Mtu anafungiwa karatasi yake kama mbuzi anavyofungwa kamba. Dhuluma! Haramu!"

"Naam, Baba," alisema Selipher. Aliliweka sinia chini. "Baba, mkataba wangu unaisha tarehe ishirini. Nilikuwa naomba paspoti."

"Inshallah," alisema Baba Mishari kwa upole. "Utapitia Jeddah kwanza kwa dada yangu. Wiki mbili tu."

Kisha akachukua karatasi yenye nembo ya ofisi yake, akamwandikia Firmin barua ya ruhusa, akaweka sahihi na kugonga muhuri. Firmin aliisoma mara mbili. Alivaa kofia, akatoka kwa mlango wa mbele, akafuata barabara kuelekea upande wa mto wake. Kwenye picha, nafasi yake ikabaki nyasi tupu.

Habari ilienea ukutani. Alhamisi, wale kumi na wanne waliobaki walitoka wakapanga foleni mbele ya meza, kwa namba za jezi, kila mmoja na ruhusa yake anayoidai. Baba Mishari aliandika kwa furaha. Muhuri ulikuwa ukilia ko, ko, ko, nao walikuwa wakitoka mmoja baada ya mwingine.

Selipher alisimama mlangoni na ndoo. Ndipo alipofanya kosa ambalo dada wa mchezaji wa raga wa Kakamega peke yake angelifanya. Laban alivaa jezi namba kumi na sita, ya akiba. Misimu miwili mizima alianza mechi akiwa benchi, na hakuna mechi hata moja ambayo hakuitwa kuingia, kwa sababu kwenye skramu, pale wanaposukumana kwa mabega, lazima mtu aumie. Kwa Selipher, namba kumi na sita ilikuwa mtu ambaye zamu yake lazima ifike. Aliweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye aproni, akasimama nyuma ya mtu wa mwisho, wa kumi na sita ukimhesabu Firmin.

Mtu wa mbele yake alinukia mvua. Alichukua barua yake, akamwinamishia Selipher kichwa kwa heshima, akaenda. Kukabaki yeye na meza.

Baba Mishari aliinua macho. Hakukasirika. Alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekaribia jibu.

"Kumi na sita?" aliuliza.

"Naam, Baba. Wa akiba."

"La, la. Siku zile hakukuwa na wa akiba, Selipher. Mtu akivunjika mguu, wenzake walimaliza mechi bila yeye. Timu ni kumi na tano. Halas." Akafunika kalamu. "Yalla, chai."

Tarehe ishirini Nehemiah alimpeleka kituo cha Batha kupanda basi la Jeddah. Njia nzima hawakutaniana. "Washa simu kila siku," alimwambia, naye akasema atawasha. Kule Jeddah, dada wa bosi aliichukua simu mlangoni ili aiweke mahali salama.

Nyumba ya Jeddah ilikuwa na ngazi nyingi. Selipher alipouliza habari za Roseline, yule dada alisema, "Mafi Roseline," hakuna Roseline, akamwonyesha nguo za kupiga pasi. Wiki mbili zilipita. Januari ikapita. Shule za Kenya zilifunguliwa, zikafungwa, zikafunguliwa tena.

Mwezi wa tano Baba Mishari alikuja na kitabu chake kimechapwa. Ndugu na jamaa walikaa sebuleni baada ya alasiri, naye akawasomea sura ya barua za ruhusa, na shemeji yake akatoa leso. Picha ya mwaka 1926 ilikuwa kwenye jalada, nyasi na mabenchi bila mchezaji hata mmoja.

"Na hawa wanawake wawili ni nani?" aliuliza shemeji.

Selipher, aliyekuwa akimmiminia kahawa, alitazama. Kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi yeye mwenyewe, mikono magotini, na aproni. Kando yake kulikuwa na msichana ambaye hakuwahi kukutana naye, aproni ile ile, mdomo wazi kidogo, na pengo mbele. Birika halikumwagika.

Baba Mishari alivaa miwani. Alikuwa mwanahistoria mwaminifu. Alipekua orodha ya wachezaji ukurasa kwa ukurasa, akaipitia tena kutoka mwisho.

"Hawamo," alisema. "Chapa ya pili nitaandika chini: wawili, majina hayajulikani."

"Ni Selipher Muhonja," alisema Selipher. "Na Roseline."

Baba Mishari alitoa kalamu mfukoni, akaandika pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko mzuri, majina hayajulikani. Kisha akanyoosha kikombe chake.

"Kahawa, Selipher."