Kidole Gumba cha Noof

Siku ya ishirini na tatu baada ya kumzaa Noof, Nasriya alikuwa kitandani, kwao mtaa wa Darsait, akinywa uji wa pilipili manga, simu ilipoleta ujumbe. Kampuni ya vifaa vya hospitali iliyomwajiri miaka sita kule Ghala ilimshukuru kwa barua yake ya kuacha kazi. Hakuwa ameandika barua yoyote. Alipotaka kujibu, simu ilikataa kufunguka. Akatazama kidole gumba chake: kilikuwa laini, hakina mstari hata mmoja. Na vile tisa vingine vivyo hivyo.

Mama yake, Bi Hasina, alivipangusa vidole kwa mafuta ya nazi, akavitazama, akavipangusa tena.

"Zishakwenda alama," alisema. "Maliza uji wako."

Nasriya aliogopa. Mumewe, Wael, alikuwa Salala mwezi wa tatu sasa akitafuta kazi, na kodi ya nyumba ilitoka kwenye mshahara wa Nasriya. Wakikosa mafao ya kukosa kazi, hawana pa kukaa. Alhamisi wakatoka, yeye, mama yake na mtoto, kwenda ofisi ya mafao. Bi Hasina hakupenda hata kidogo, maana mzazi hatoki kabla ya arubaini, sembuse mtoto. Alikichukua kisu kidogo kinacholazwa chini ya mto wa mtoto kumkinga na mashetani, akakitia kwenye mkoba wa nepi.

Karani wa mafao aliitwa Murshid, na kanzu yake ya dishdasha ilikuwa imenyooka vizuri. Alikibonyeza kidole cha Nasriya kwenye mashine mara tatu. Taa nyekundu.

"Tujaribu cha mtoto," alisema, kama anayeazima kalamu.

Noof alikuwa amelala. Murshid alimfungua ngumi taratibu, akakilaza kidole gumba kwenye kioo. Ikawaka taa ya kijani, na faili la Nasriya likafunguka lote: jina, miaka sita, picha.

"Hapa umeacha kazi kwa hiari. Kidole kimesaini tarehe mbili, saa tisa alasiri."

"Saa hiyo nilikuwa leba, nnazaa!"

"Najua, ukhti. Na wale wote walikuwa wanazaa." Alielekeza kidevu kwenye safu ya wanawake waliokaa ukutani, kila mmoja na kichanga chake. "Anayeacha mwenyewe hana mafao. Unaweza kukata rufaa, lakini kwanza amalize mwezi mmoja wa notisi."

"Amalize nani?"

"Aliyesaini," alisema Murshid, akamfunika Noof mkono vizuri.

Kuanzia hapo Nasriya hakumweka mtoto chini. Alimvika soksi mikononi na kila lifti ya jengo ilipopita ghorofa yao alishtuka. Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la kampuni likapiga honi. Dereva alikwisha kufunga kiti cha mtoto mchanga nyuma. Bi Hasina alimwomba asubiri kidogo, akakichomeka kisu chini ya mto wa kiti.

Getini Ghala mashine ya mahudhurio ilisoma kidole cha Noof. Mwanamke wa ofisini akampokea, geti likafungwa. Jina la Nasriya halikuwamo kwenye orodha ya wanaoingia. Alisimama juani, maziwa yakimlowesha abaya, akimsikia mwanawe akilia nyuma ya ukuta.

Saa nne mlinzi alimfungulia kwa heshima.

"Pita, mama. Hapa tunafuata sheria. Mfanyakazi ana saa moja ya kunyonya."