Lami Juu ya Zege Bichi

Mwaka 1953 Jaffer alijenga duka la nguo mjini Kisii. Majirani wote waliezeka mabati. Yeye alitaka paa bapa la zege. Kazi ya kuzuia maji alimpa Jeconia, fundi kutoka upande wa ziwa aliyejifunza kubandika karatasi za lami alipokuwa jeshini.

Jeconia aliomba siku nne kavu. Hakuzipata. Asubuhi alifagia maji, adhuhuri zege likaanza kukauka, saa tisa mvua ikashuka tena. Wiki mbili zikapita hivyo.

"Bandika tu," Jaffer alisema. "Lami si inazuia maji?"

"Inazuia, mzee. Hata yaliyo ndani ya zege itayazuia yasitoke. Jua likiwaka yatageuka mvuke, yainue karatasi."

Jeconia alipokwenda kwao kumzika shangazi yake, Jaffer aliita vibarua wakabandika kwa siku moja. Fundi aliporudi alikuta paa limejaa malengelenge. Alikanyaga moja, likabonyea na kutoa maji pembeni.

Alibandua yote. Safari hii alijenga kibanda cha mabati juu ya paa, akangoja zege likauke kabisa. Alianzia upande wa chini, kila karatasi ikilalia ile ya chini yake kwa upana wa kiganja, na kando kando akazipandisha kwenye ukuta mfupi wa ukingoni. Mwisho akaziba mfereji wa kutolea maji, akajaza maji paani siku mbili kujaribu kama linavuja. Luul, mke wa Jaffer, alipapasa dari. Ilikuwa kavu.

Mwezi uliofuata Luul alimwita. "Fundi, leso zangu zimelowa."

Jeconia alipanda akiwa amekunja uso. Katikati ya paa palisimama mlingoti wa redio, umepigiliwa misumari hadi kwenye zege.

"Ni misumari minne tu," Jaffer alisema.

"Ni matundu manne, mzee."

"Sasa habari tutasikiaje?"

Luul alimgeukia mumewe. "Kuni za kuyeyushia lami utabeba wewe."

Jaffer alibeba, akihema kwenye ngazi. Jeconia aliuhamishia mlingoti ukutani, akakausha na kuziba matundu matatu. Kabla ya la nne, matone yakaanza.

"Tufanyeje?" Jaffer aliuliza.

"Shika turubai," Jeconia alisema, "mpaka pakauke."