Ndani ya Mawe Meupe

Hadiyo alifungua kibuyu, akanusa, akajua kabla hata ya kuonja. Alimimina tone kiganjani, akalilamba, akatema. Saa mbili tu za asubuhi, lori la Garissa halijapita, na maziwa ya ngamia yalikuwa yameshaharibika.

Ilikuwa mara ya pili juma hilo. Fowsiya, anayepokea maziwa yake na kuyauza sokoni Garissa, alikuwa ametuma salamu kwa utingo wa lori: yakiharibika mara ya tatu, nafasi hiyo atampa mwanamke wa Habaswein. Na Fowsiya si mtu wa kutania. Tangu ukame wa tisini na sita uingie, maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa unga, ndiyo majani ya chai, ndiyo maji ya mkokoteni wa punda, kwake yeye na mjukuu wake Kaha.

Kosa halikuwa la ngamia. Kibuyu hiki, si cha boga bali cha mizizi iliyosukwa na mama yake mwenyewe, hakitiwi maziwa hivi hivi. Hufukizwa kwanza. Unachukua kaa la mti mgumu, jekundu, unalitumbukiza ndani, unafunika, unatikisa taratibu mpaka moshi uingie katika kila uzi. Unakung'uta majivu, halafu unakamulia humo humo kikiwa bado na joto. Maziwa ya jioni yatalala, yatasafiri, yatafika. Bila moshi hayafiki popote.

Na moto ulikuwa umepigwa marufuku.

Miaka miwili nyuma watu wa kampuni walikuja na gari jeupe, wakapima, wakapanga mawe yaliyopakwa chokaa, duara kubwa lililomeza manyatta zote ishirini na mbili. Chifu Abdikafi akaeleza kwamba inapendekezwa bohari ya gesi ijengwe hapo. Gesi itatoka ng'ambo kwa meli, imepozwa mpaka imekuwa maji, ishushwe pwani, kisha iletwe kwa malori. Ni kitu cha hatari, akasema, lakini kutakuwa na ua wa waya, king'ora, na tangi la maji ya kuzimia moto. Kwa hivyo ndani ya mawe asiwashe mtu moto, hata wa chai. Mzee mmoja akauliza gesi yenyewe iko wapi. Chifu akajibu kwamba usalama huanza mapema.

Kuhama nako hakukuwezekana. Majina yao yalikuwa kwenye orodha ya watakaolipwa, na atakayehama kabla ya barua kutoka Nairobi, au atakayekamatwa na moto, jina lake linafutwa. Mchana walipika nje ya mawe, mwendo wa nusu saa. Lakini kibuyu kilichofukizwa mchana hupoa, na ngamia hurudi jua likizama. Saa hizo, siku hizi, nje ya mawe kuna majambazi, na kuna wanajeshi wanaowasaka majambazi, na wote hawaulizi jina.

Alasiri ya siku hiyo waliitwa kwenye tangi. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kimejengwa, na lilikuwa limejaa. Afisa wa kampuni alikuja kuonyesha usalama, na mpiga picha nyuma yake. Vijana wakapanga kuni katika nusu pipa, wakazimwagia dizeli, wakawasha. Katikati ya mawe. Moto ukapanda kushinda kimo cha mtu.

Hadiyo alimgeukia Mustaf, mlinzi wa tangi, mtoto wa kaka yake, aliyemwita eddo, shangazi, akamuuliza kile ni nini.

"Ni moto wa maonyesho, eddo."

King'ora kikalia. Mpira ukafunguliwa. Maji yakatoka kwa kishindo, yakauzima moto, yakaendelea kutoka, mchanga ukayanywa. Wanawake walisogea na jerikani zao. Afisa akasema warudishwe nyuma, wasije wakateleza.

Mwisho akauliza kama kuna mwenye neno. Hadiyo akasimama, akasema kwa Kisomali, polepole, ili chifu, aliyekuwa akimtafsiria afisa, asikose kitu. Anaomba kaa moja tu, jioni, la kufukizia kibuyu. Atalifunika. Hata Mustaf aje alisimamie.

Chifu Abdikafi akamgeukia afisa. "Mama anashukuru kwa ulinzi."

Kiswahili cha sokoni Hadiyo alikuwa nacho. "Hapana," akasema. "Mimi nasema moto. Moto kidogo ya maziwa. Gesi nakuja lini?"

"Hilo bado ni pendekezo, mama," afisa akasema, akamtazama mpiga picha. Walipigwa picha, yeye na afisa, na tangi nyuma yao.

Gari lilipoondoka, Hadiyo alibaki, kibuyu chake kwapani. Chini kabisa ya pipa, chini ya kuni nyeusi zilizolowa, kaa moja lilikuwa bado jekundu. Alilipuliza. Akalitoa kwa vijiti viwili, akalitumbukiza kibuyuni, akafunika, akatikisa.

"Eddo." Mustaf alikuwa ameshika daftari la wanaokamatwa na moto. "Nisipoandika jina lako, wataandika langu."

"Andika. Hadiyo Guleid. Usikosee."

Aliandika akiwa amempa mgongo. Hadiyo alifungua kifuniko akung'ute majivu, na harufu ikampiga usoni. Dizeli. Ilikuwa imeingia katika kila uzi, kama moshi unavyoingia.

Ngamia walikuwa wanarudi. Alikisugua kwa mchanga, akanusa, akasugua tena; harufu haikutoka. Kibuyu kingine hakuwa nacho. Akasimama kwa mguu mmoja, akaweka kibuyu juu ya goti, akakamua. Povu likapanda, jeupe, safi kwa macho.

Asubuhi lori lilipopiga honi, alikuwa barabarani. Utingo alinyoosha mkono. Hadiyo akakaza kifuniko kwa viganja vyote viwili, akampa.