Nusu ya Kisa cha Saburi

Ardhi ya Mtua ilipotikisika asubuhi ile ya mwezi wa tisa, mwaka hamsini na tatu, watu wengi walidhani Wazungu wa mashamba ya karanga wamerudi. Na ungewalaumu kwa lipi? Miaka michache tu nyuma matingatinga yao yalikuwa yakipita na kutetemesha vyungu jikoni, mpaka mradi ukawashinda wakaenda zao, wakaacha vyuma vikila kutu porini. Basi watoto wakakimbilia barabarani kutazama. Barabara ilikuwa tupu. Vyungu viligongana kidogo tena, kuku wakapiga kelele, kisha kukawa kimya.

Saburi hakwenda barabarani. Alikuwa nyuma ya nyumba akitia mpini jembe, na jembe likamtoka mkononi. Akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Mama Hajira," akamwita mkewe Mwamina, "Hajira na shangazi yake wana siku ngapi huko pwani?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyewafungia mizigo? Leo ni siku ya kumi."

Kila kiangazi wanawake wa upande ule walishuka pwani kutengeneza chumvi. Walidandia malori ya ufuta hadi Lindi, wakatembea hadi kwenye uwanda wa chumvi, wakakaa mwezi mzima wakikwangua udongo, wakiuchuja na kuchemsha maji yake. Mwaka huo alikwenda Mwantumu, dada yake Saburi, mwanamke wa vicheko asiyeshindwa na kazi, na safari hii alimchukua Hajira, binti wa pekee wa Saburi. Hajira alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alichokijua juu ya bahari alikipata kwa baba yake.

Na hicho ndicho kilichokuwa kikimtia hofu Saburi asubuhi ile.

Maana Saburi alikuwa na kisa. Alikwenda vitani Burma na KAR, jeshi la Mwingereza, akarudi na koti, blanketi la jeshi na kisa kimoja. Vita vilipokwisha, wakingoja meli ya kuwarudisha kwao, waliwekwa kwenye mji mmoja wa wavuvi huko Bara Hindi. Alfajiri moja ardhi ikatetemeka. Baadaye kidogo bahari ikaondoka. Ikaondoka, jamani! Ikaacha tope tupu na samaki wakirukaruka, wakubwa kwa wadogo, na watu wakashuka kuwaokota kama wanavyookota korosho chini ya mti.

Kisa kiliishia hapo. Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Kwenye ngoma, kwenye mavuno, hata msibani, ilimradi Saburi yupo, lazima mtu aulizie bahari. Mwantumu ndiye aliyewazidi wote. "Kaka, hebu tuambie ile bahari yako iliyokwenda matembezi!" Na akishaambiwa, anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. "Muongo wewe! Lakini uongo wako mtamu, wallahi."

Sasa, mtu wa Mtua akisikia habari hizo anaogopa nini? Kwao maji yakipungua ni neema. Mto ukikatika mwezi wa nane, yanabaki mabwawa, na wanawake huingia na matenga yao kukomba kambale. Anayechelewa anakuta tope na miiba ya samaki. Mwanamke wa namna hiyo umwonyeshe maji yanakimbia, halafu umtegemee akimbie na yeye? Aende wapi, na tenga analo mkononi!

Nusu ya pili Saburi hakupata kumwambia mtu. Alikuwa na rafiki, Fidelis, mtu wa Masasi, aliyelala naye hema moja miaka mitatu. Fidelis alishuka na wavuvi wale. Saburi alibaki juu ya ukuta wa ufukweni akifunga kamba za viatu, akampigia kelele akicheka, "Na mimi niletee mmoja, mkubwa!" Fidelis akapunga mkono. Kisha maji yakarudi. Yalirudi kwa mkupuo mmoja, meusi, yamebeba mashua na milango ya nyumba, yakapita juu ya watu wote walioinama. Fidelis hakuonekana tena, wala hapakuwa na kaburi la kumzikia.

Mganga wa jeshi aliwaeleza baadaye. Chini ya bahari kuna ardhi kama hii yetu, alisema, nayo hupasuka, upande mmoja ukainuka ghafla. Saburi alielewa kwa namna yake: ni kama mtu aliyelala chini ya mkeka wenye ufuta, akainua goti. Ufuta wote humwagika pembeni, na pembeni mwa bahari ndiko watu wanakoishi. Siku hizi watoto wa shule wanaiita tsunami. Saburi hakuwa na jina lake. Alijua tu kwamba tangu siku ile hakutia samaki kinywani, na akiulizwa alisingizia tumbo.

Asubuhi ile Saburi akatoa baiskeli.

"Unakwenda wapi?" Mwamina akauliza.

"Nanganga. Kwenye njia ya malori."

"Kuna nini, Baba Hajira?"

"Kile kisa changu," akasema, akapanda baiskeli. "Kina mwisho mwingine. Niombee nimkute mtoto."

Alipiga pedali siku nzima. Mnyororo ulikatika mara mbili, akaufunga kwa waya. Alijitukana njia nzima, kwa sauti, hata waliokutana naye wakampisha. Mwaka hadi mwaka ameketi na mwanawe, amemlisha nusu ya kisa kwa sababu nusu hiyo inachekesha! Ulimi ulikuwa umekufa, au nini? Sentensi moja tu ilitosha. Maji yakiondoka, kimbia.

Alifika Nanganga jua linaelekea kuzama. Lori lilisimama likitoka Lindi, na dereva wake, Abdala, alikuwa amezungukwa na watu.

"Bahari imepanda," Abdala alikuwa akisema. "Imeingia mpaka kwenye uwanda wa chumvi. Vibanda vyote hakuna."

"Na watu?" Saburi akamshika shati. "Wanawake wa chumvi je?"

"Niachie shati, mzee. Wenyeji wengi walikuwa mashambani. Waliochukuliwa, wanasema, ni hao hao waliotoka bara. Majina siyajui."

Abdala alikuwa anaendelea Nachingwea, na lori la kwenda pwani halikuwepo hadi kesho. Saburi aliketi, akainuka, akaenda mpaka kwenye kona ya barabara, akarudi. Mwenye mkahawa alimpa uji ukapoa mkononi. Watu walimwambia apumzike. Akarudi tena kwenye kona.

Asubuhi, lori likaja kutoka Lindi, na nyuma yake walikaa wanawake wanne wamejifunika magunia. Wa tatu kushuka alikuwa Hajira. Tope lilikuwa limemkaukia mpaka nywele.

Saburi alimkumbatia hadi binti akasema anaumia. Kisha akatazama ndani ya lori. Akatazama tena.

"Mwantumu yuko wapi?"

Hajira akageuka, akatazama barabara waliyotoka.

"Mwanangu, nisamehe," Saburi akasema. "Mimi sikukwambia..."

"Iliondoka, baba. Kama ulivyosema. Samaki wamejaa wanarukaruka. Shangazi akanyakua tenga, akanivuta mkono. Nikakataa."

"Nani alikwambia ukatae?"

"Wewe." Alijifuta uso kwa gunia. "Nilikumbuka huli samaki. Nikajiuliza, mtu aliyeokota samaki wa bure kiasi kile, mbona hata mchuzi wake hagusi? Nikamwambia shangazi, tungoje kwanza, baba kuna kitu amekificha. Akanicheka. Nikapanda kilima peke yangu, watatu hawa wakanifuata."

"Walishuka wangapi?"

"Saba. Wengine walikuwa wanaogopa, baba. Mwanzoni walikuwa wanaogopa." Akakwangua tope lililomkaukia mkononi. "Shangazi ndiye aliyewaita. Alitangulia mbele, tenga kichwani, anacheka huku analia kwa furaha. Alikuwa anapiga kelele, 'Njooni, jamani, njooni muone! Kaka yangu hakuwa muongo!'"