Dunia Ina Kitambi

Mama, fundi cherehani, alikuwa ameshona mkono wa gauni kinyume mara ya pili, na asubuhi ilikuwa bado mbichi. Mwanawe wa kwanza alikuwa angani. Mwaka jana pia alisema anakuja, akafika nusu ya safari, akageuza. Maneno aliyoambiwa na mama yake siku anaondoka yalikuwa bado yanamchoma. Safari hii alipanda ndege ya moja kwa moja, na mama alikuwa ametandika kitanda tangu juzi.

Ukutani palikuwa na ramani ya dunia. Kwa chaki yake ya vitambaa, mama alikuwa amepiga mstari kutoka mji wa mwanawe hadi kwao, umenyooka kama pindo la shuka. Binti yake, kitinda mimba, alishika simu inayoonyesha ndege ilipo.

"Amefika wapi?"

"Mama jamani, chai uliyomimina ulipouliza mara ya mwisho bado inafuka moshi!"

"Nionyeshe."

Kidoti cha ndege kilikuwa juu kabisa, kule kwenye barafu, mbali na mstari wa chaki. Mama akaweka mkasi chini.

"Anakwenda kwingine huyu."

"Mama..."

"Njia ni hii, yeye yuko kule. Mimi si kipofu." Akaingia chumbani, akaanza kuvua foronya mbiombio. "Nilimwambia akitoka asirudi. Amesikia! Mtoto asiyesikia hata akiitwa kula, siku hiyo moja akasikia!"

Shuka nayo ikang'oka. Binti akasimama mlangoni.

"Yule mteja wako mwenye kitambi, unampima kwa rula?"

"Nimekuwa mwehu?"

"Kwa nini isiwe rula?"

"Tumbo lile ni mlima, rula itapita w..."

"Basi dunia nayo ina kitambi, mama. Wewe umeipima imelala ukutani."

Mama akarudi kwenye cherehani. Akachukua kimto chake cha kuchomekea pini, cha mviringo kama chungwa, akachomeka pini mbili ubavuni, kama miji ilivyokaa ramanini. Akazungusha uzi kwenye kimto, toka pini hii hadi ile, kama ulivyopita mstari wa chaki. Alipouvuta ukaze, uzi ukateleza wenyewe, ukapanda juu, na kipande kilichozidi kikabaki mkononi mwake. Akavuta tena. Ukapanda tena.

"Kumbe kule barafuni ndiko karibu," alinong'ona.

Akatandika upya, mto akauvalisha foronya ndani nje. Hakukaa. "Amefika wapi?" Kidoti kilikuwa kimeanza kuteremka. Akafagia palipofagiwa. "Na sasa?"

Jioni simu ililia. Binti akampa mama.

"Nimetua, mama. Nije?"

Mama akaishika simu kwa mikono miwili. "Yale ya siku ile yaache huko huko uwanjani. Kitanda nimekitandika mara mbili, mwanangu. Usinitandikishe mara ya tatu."