Kifaa cha Kunusa Viazi

Barua ya idara ya uhamiaji ilikuwa na kurasa sita, lakini Shushanik Melkonyan alikwama kwenye sentensi moja. Maofisa walikubali kwamba yeye ni mtafiti hodari, na kwamba kifaa chake kinachonusa viazi vinavyoanza kuoza ghalani kina faida. Ila faida hiyo, waliuliza, inalihusu vipi taifa zima, na si wakulima wachache wa Idaho?

Alikuwa ametoka Armenia kuja Marekani miaka tisa nyuma, na ombi lake la ukaazi wa kudumu sasa lilining'inia kwenye swali hilo. Alimpelekea wakili wake, Marisela Quiñones, rundo la makala alizoandika. Marisela akalisukuma kando.

"Hizi wameshaziona, dada. Hawaulizi wewe ni mkali kiasi gani. Wanauliza kazi yako inafika wapi."

"Si imechapishwa?"

"Imechapishwa, sawa. Nani anaitumia?"

Shushanik hakujua! Miaka yote alihesabu wasomi waliomtaja, wala hakuwahi kujiuliza ni mkono wa nani umeshika kifaa. Swali likaanza kumwasha kuliko hata ile hofu ya kufukuzwa. Alirudi maabara, akafukua barua pepe ambazo hakuwahi kuzijibu. Moja ilitoka Maine, upande wa pili wa nchi, kwa Réal Thibodeau, msimamizi wa ghala la viazi vya mbegu. Akampigia simu.

"Hatimaye!" mzee akacheka. "Nilidhani umekufa, daktari."

"Nisamehe, Bwana Thibodeau. Kweli unakitumia kifaa changu?"

"Nimekiunda mwenyewe kwa mchoro wako. Mbegu zangu zinakwenda majimbo kumi na moja. Zikioza hapa, kuna watu Florida hawapandi. Ila kipimo chako kinadanganya."

"Kinadanganya vipi?"

"Huku kwetu kuna unyevu. Kifaa kililia hatari bure, nikatupa tani ishirini za viazi vizima! Ndipo nikapandisha kiwango cha kukifanya kilie, kwa kukisia tu. Jamaa yangu wa Michigan naye ana kiwango chake."

Wiki nzima Shushanik alipiga simu, kila mtu akimpa jina la mwingine: Michigan, Wisconsin, Dakota Kaskazini. Kila ghala lilikuwa na namba yake, na hakuna aliyekuwa na uhakika nayo. Aliona aibu, lakini kalamu haikutulia mkononi.

"Hilo la kipimo kudanganya tulifiche," Marisela alisema. "Utajichongea."

"Ndilo jibu lenyewe, Marisela. Majimbo manne yanakisia. Kazi niliyobakiza ni kutafuta kipimo kinachofaa hewa ya kila mahali. Nikikaa Idaho tu, siwezi kukipata."

Marisela akavuta karatasi. "Lirudie hilo," akasema. "Polepole."

Wakapeleka mpango huo pamoja na barua za wenye maghala. Ya Thibodeau ilizitaja tani zake ishirini bila kupunguza neno.

Kibali kilitoka mwezi wa tano. Shushanik akampigia mama yake huko Gyumri, Armenia, akamsimulia yote.

"Yaani serikali nzima imekaa kujadili viazi?" mama akauliza.

"Imekaa, mama."

"Na wewe ukawaambia umekosea?"

"Nikawaambia."

"Haya, nieleze," mama akasema. "Kiazi kikianza kuoza, kinanuka nini?"