Karatasi Namba Ishirini na Saba

Sahihi arobaini na moja, karatasi arobaini. Profesa alihesabu mara ya kwanza kwa kujiamini, mara ya pili kwa mashaka, mara ya tatu jasho likimtoka kwapani, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Wanafunzi arobaini na mmoja walifanya mtihani wa Utunzi wa Ushairi na wote wakatia sahihi kwenye orodha. Juu ya meza ya kulia chakula, alikosahihishia wiki nzima, zilikuwapo karatasi arobaini. Namba ishirini na saba haikuwapo.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Alama zote zilitakiwa ofisi ya idara kabla ya saa kumi alasiri, siku hiyohiyo. Mwaka uliopita alizichelewesha siku tatu, na alipoulizwa akajibu bila haya kwamba alishikwa na shairi. Mkuu wa Kitivo akamwandikia barua ya mistari minne: ukichelewa tena, mkataba hauongezwi. Na huyu alikuwa mtu aliyekwisha kustaafu, anafundisha kwa mkataba wa mwaka mmojammoja, asiyejua kabisa afanye nini na asubuhi zake bila darasa. Lakini tumtendee haki: asubuhi hiyo barua haikumjia kwanza. Kilichomjia ni uso wa mtu.

Mbele ya namba ishirini na saba palikuwa na sahihi ya Kimya. Ndivyo wenzake walivyomwita yule msichana wa kukaa karibu na mlango, ambaye mwaka mzima hakuuliza hata swali moja. Mtihani wenyewe ulikuwa swali moja tu, tunga shairi. Asiye na alama huandikwa "Hakufanya," na aliyeandikwa hivyo hurudia mwaka. Mahafali yalikuwa wiki mbili mbele.

"Umetazama kwenye friji?" mkewe aliuliza kutoka jikoni. Alikuwa muuguzi mstaafu, na hakuna lililomtisha tena duniani.

"Nitaweka mtihani kwenye friji mimi?"

"Miwani uliweka."

Akatazama kwenye friji. Ndiyo, alitazama! Akatazama chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya gari, chini ya zulia la gari. Akapekua pipa la takataka kwa mikono yake mwenyewe, profesa mzima, na kupata maganda tu. Mkewe alitoka na kitambaa mkononi, akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo kimyakimya.

"Mzee, kaa chini kwanza. Utaanguka, nami sina nguvu za kukubeba."

"Nikikaa chini nitapitiwa na muda. Mtoto wa watu atarudia mwaka kwa uzembe wangu."

"Basi nenda ofisini, huenda hukupewa tangu mwanzo. Na ubadilishe shati, limelowa."

Hakubadilisha. Alifika chuoni akiwa na lilelile, karatasi arobaini ndani ya mkoba, na wa kwanza kukutana naye kwenye ngazi za idara alikuwa nani? Kimya mwenyewe. Ama kweli siku ikiamua kukuandama haikupi nafasi ya kupumua. Msichana alisogea pembeni, kitabu kifuani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Kisha, yeye asiyesema, akasema. "Profesa, samahani. Matokeo yatatoka lini? Mama ameshashona nguo ya mahafali. Ananipigia simu kila siku."

"Yatatoka," alisema Profesa. "Yatatoka tu." Akapanda ngazi mbilimbili, na magoti yake yakamlaani.

Katibu wa idara aliitwa Mama Mihuri, kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mezani kwake bila kugongwa. Alifungua kitabu cha makabidhiano, akaweka kidole kwenye mstari. "Zilitoka arobaini na moja. Hii hapa sahihi yako. Kulikoni, Profesa?"

"Hakuna kitu. Nahakikisha tu."

"Hakikisha basi. Saa kumi nafunga." Alimtazama juu ya miwani. "Safari hii usije na habari za kushikwa na shairi, tafadhali. Mimi na wewe tumezeeka pamoja humu."

Profesa akaketi ofisini kwake, mlango ameufunga, na hapo ndipo wazo baya lilipomtembelea. Angeweza kubuni alama. Hamsini na tano, nani angejua? Msichana angefaulu, mama yake angevaa, mkataba ungeongezwa, watu wangepiga makofi. Alishika hata kalamu. Wazo lilikuwa tamu na alijichukia kwa utamu ule. Simu ikalia.

Alikuwa Mhariri, mwanamke aliyechapisha jarida la mashairi kwa miaka ishirini, mwanafunzi wake wa zamani. Kila mwisho wa mwaka Profesa humpelekea bahasha ya mashairi ya mwaka mzima, yamezolewa mezani bila kusomwa tena, kwani akiyasoma huyakatakata mpaka yafe. Mkono wake hutetemeka siku hizi, kwa hiyo mengi humsomea bintiye, naye binti huyaandika kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Bahasha ya mwaka huu ilikwenda juzi.

"Mwalimu, nimelia," alisema Mhariri. "Miaka saba nangoja uandike hivi tena. Sikukwambia, lakini nilishakata tamaa."

Hebu fikiria. Miaka saba mtu anaambiwa "ahsante, tumepokea," na leo anaambiwa amemliza mtu. Profesa alisahau karatasi, akasahau saa, akavimba kichwa. "Ahsante," alisema. "Ni lipi hasa?"

"Unajifanya hujui! La viatu. Nimeliweka ukurasa wa kwanza, kesho linakwenda mtamboni." Akaanza kusoma:

Kila Jumapili navipiga rangi viatu vya baba,
nafunga kamba, nafungua kamba,
naviweka mlangoni vikitazama nje.

Baba yake Profesa alifariki akiwa na umri mkubwa, na maisha yake yote alivaa ndala tu.

"Binti yako kabadili mwandiko, kaandika vizuri," Mhariri aliendelea. "Ila ulivyojisahihisha kwa wino mwekundu, mwalimu, nimecheka peke yangu! Umeukata ubeti wa mwisho, mimi nimeurudisha. Na juu umeandika namba ishirini na saba, nikajiuliza, kumbe unayapa namba siku hizi?"

"Usiondoke hapo," alisema Profesa. "Nakuja."

Ofisi ya Mhariri ilikuwa mitaa minne kutoka chuoni, na alikwenda kwa miguu maana hakukumbuka gari alikoliegesha. Njiani alikuwa na kitu cha kuamua na hakutaka kukiamua. Angeweza kuichukua karatasi na kunyamaza. Kimya si msomaji wa majarida, pengine asingeona kamwe. Pengine. Alipofika ghorofa ya pili alikuwa anahema, na Mhariri alimvutia kiti na kummiminia maji. Karatasi ilikuwa pale, juu ya rundo, mistari yake ya buluu na mwandiko wa duara usiofanana hata kidogo na wa bintiye.

"Si langu," alisema kabla hajanywa. Alijua akinywa kwanza hatasema. "Ni mtihani. Wa mwanafunzi wangu. Nimeuzoa mezani pamoja na mashairi yangu."

Mhariri aliichukua karatasi, akaitazama upya, na Profesa aliona uso wake ukibadilika, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

"Kumbe si lako."

"Si langu."

"Na hii nyekundu?"

"Hiyo nyekundu ndiyo yangu."

Sasa akalazimika kuisoma. Pembeni, kwa mkono wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: *Hujapata sauti yako. Ubeti wa mwisho hauna kazi.* Chini, ndani ya duara, thelathini na nane kwa mia. Arobaini ndiyo ya kufaulu. Alikuwa ameshamfelisha, na wala hakukumbuka alikuwa anawaza nini. Akausoma ubeti alioukata:

Mgeni akija huuliza, baba yupo?
Nami humwambia, yupo,
bado hajavaa.

Lahaula. Alivua miwani, akaifuta kwa shati lililolowa, akaivaa tena.

"Mwulize kama ataniruhusu nilichapishe kwa jina lake," Mhariri alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Na wewe mwalimu, samahani. Nilifurahi mno."

"Nami nilifurahi," alisema Profesa.

Saa kumi kasoro dakika ishirini alikuwa mbele ya Mama Mihuri, karatasi zote arobaini na moja mkononi. Alama iliyokwisha kuandikwa kwa wino mwekundu haibadilishwi hivihivi. Kuna fomu yake, yenye nafasi ya alama ya zamani, alama mpya, na sababu. Aliandika thelathini na nane. Aliandika themanini na sita. Kwenye sababu kalamu ilisimama, na Mama Mihuri akaanza kugongagonga muhuri wake taratibu kwenye kidau cha wino.

"Wengi huandika 'makosa ya kujumlisha,'" alimsaidia. "Haiulizwi."

Profesa aliinama, akaandika: *Mwalimu hakusoma.*

Mama Mihuri aliivuta fomu, akaisoma, akaisoma tena. Akaigonga muhuri.

"Ni hii moja tu, Profesa?"

Lilikuwa swali la kazi, analouliza kila mtu. Lakini Profesa aliligeukia rundo, karatasi arobaini alizozimaliza kwa siku tano, nyingine mbele ya televisheni, nyingine huku akitunga mashairi yake kichwani. Akajaribu kukumbuka shairi moja kati ya hizo. Mstari mmoja tu. Alisimama hapo akitafuta, na hakupata chochote.

"Nirudishie zote," alisema.

"Dakika kumi na tano zimebaki."

"Najua."

"Barua ya Mkuu unaikumbuka? Mkataba?"

"Naikumbuka. Ya Kimya ipeleke leo, imekamilika. Hizi mwandikie Mkuu kwamba nimechelewa. Usiseme shairi. Sema nimechelewa."

Mama Mihuri akalisukuma lile rundo upande wa Profesa. Profesa alivuta kiti palepale, akafungua karatasi namba moja, akaanza kusoma kutoka mstari wa kwanza.